Kikulacho Kina Jina: Istilahi za Vimelea na Wenyeji Wao

1.0 Utangulizi

Abiria wa daladala aendaye Temeke, Dar es Salaam, hupita kituo kiitwacho Veterinari. Jina hilo limetokana na maabara ya mifugo iliyoko hapo, ambayo tangu 2012 imekuwa chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Makondakta na wachuuzi wamelichukua neno la kigeni, wakalipa irabu ya mwisho na kulifanya jina la mahali. Leo hakuna anayeliona kuwa geni.

Kituoni watu hutamka jina moja bila kutatizana. Ndani ya maabara hali ni tofauti. Mfugaji wa Mbagala au wa Bunju hueleza kwamba ng'ombe wake ana ndigana. Mtaalamu huandika kwamba damu ya ng'ombe huyo ina Theileria parva. Kwa kuwa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku katika viunga vya Kinondoni na Temeke umekuwa sehemu ya riziki ya watu wengi tangu miaka ya 1980, mazungumzo ya namna hii yamekuwa ya kawaida. Kila upande huamini kwamba umetaja kitu kile kile. Mara nyingi sivyo: mmoja ametaja ugonjwa, mwingine ametaja kiumbe.

Makala haya yanatoa maoni kwamba kazi ya kuunda istilahi za vimelea katika Kiswahili imeshughulikia zaidi kutafuta visawe vya majina ya kigeni, na imepuuza jambo ambalo ndilo kiini cha elimu yenyewe, yaani uhusiano wa kimelea na mwenyeji wake. Aidha, yanadai kwamba Kiswahili kina nyenzo za kisarufi na za kimsamiati za kuueleza uhusiano huo, ila nyenzo hizo hazijatumiwa ipasavyo.

2.0 Ainisho la Wasemaji

Msamiati wa Kiswahili una majina mengi ya viumbe waishio kwa kunyonya au kula wengine: chawa, kupe, kunguni, kiroboto, papasi, funza, chango, tegu. Ni rahisi kuyadharau majina haya kwa hoja kwamba hayafuati nasaba. Kwa mfano, neno wadudu hutumiwa kwa chawa mwenye miguu sita, kwa kupe mwenye miguu minane ambaye ni jamaa wa buibui, na hata kwa viini visivyoonekana kwa macho. Dosari hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, majina mahususi yakichunguzwa yatabainika kuwa yamepangwa kwa swali moja: kiumbe huyu hukaa wapi wakati ambapo hali?

Chawa hakai kwingine ila mwilini na nguoni mwa mtu. Kunguni hukaa katika matendegu na nyufa za ukuta, huja usiku, kisha hurudi. Papasi hujificha katika sakafu ya udongo. Kiroboto mzima huishi katika manyoya ya mnyama, lakini mayai yake hudondoka na watoto wake hukulia vumbini. Kupe humshika mnyama, hushiba, huanguka. Maelezo haya yote wasemaji wanayajua, na ndiyo sababu jina la mmoja halitumiwi kwa mwingine. Hata pale lugha inapohamisha maana, maarifa hayo hayapotei. Wakati wa siasa ya Ujamaa mnyonyaji aliitwa kupe, kwa kuwa hunyonya jasho la mwingine hadi akavimba. Katika miaka ya 2020 mtu anayejipendekeza kwa mkubwa na kuishi kwa kivuli chake huitwa chawa, kwa kuwa haachi nguo ya mwenyewe. Walioyateua maneno hayo hawakusoma elimu ya vimelea, lakini hawakuyachanganya.

Lugha pia hupokea wageni. Funza wa miguuni hakuwako Afrika Mashariki kabla ya mwisho wa karne ya 19. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliingia Afrika kwa pwani ya Angola mwaka 1872, na katika miaka ya 1890 alikuwa ameshafika pwani ya mashariki. Wasemaji wa Kiswahili hawakumtafutia jina geni. Walimpa jina la buu, yaani funza, kwa kuwa wote wawili huonekana wakiwa weupe na wamezama ndani ya kitu wanachokila. Hapa jina limefuata mahali na namna ya kuishi. Nasaba haikuzingatiwa.

3.0 Kosa Lililotokea Dar es Salaam

Inafaa kukumbuka kwamba wanasayansi nao wamewahi kupotezwa na majina, na mojawapo ya makosa mashuhuri lilitendeka katika mji huu huu. Robert Koch, mtaalamu wa Ujerumani, alifanya utafiti Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Katika damu ya ng'ombe aliona vimelea wakubwa ambao tayari walijulikana kuwa chanzo cha homa ya Texas, ugonjwa unaoitwa kukojoa damu na wafugaji wa Tanzania. Pamoja nao aliona wengine wadogo sana, mfano wa vijiti. Alihitimisha kwamba wadogo ni watoto wa wakubwa. Jina moja likabeba viumbe wawili.

Mwaka 1902 maradhi makali yaliwaua ng'ombe katika Rhodesia ya Kusini. Yaliaminika kuletwa na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka Afrika Mashariki kupitia bandari ya Beira. Ng'ombe waliokuwa na kinga ya homa ya Texas walikufa kama wengine, jambo ambalo lisingewezekana kama ugonjwa ungekuwa ule ule. Ndipo ilipobainika kwamba vile vijiti vya Dar es Salaam vilikuwa kiumbe wa pekee. Charles Lounsbury alionyesha kwamba huenezwa na kupe wa sikio wa rangi ya kahawia, na Arnold Theiler akampa jina mwaka 1904. Ugonjwa wenyewe hadi leo unaitwa katika lugha za Ulaya homa ya pwani ya mashariki, na pwani hiyo ni hii.

Tofauti kati ya viumbe hao wawili haikuwa ya umbo tu. Kupe wa homa ya Texas hukaa juu ya mnyama mmoja tangu utoto hadi utu uzima, na kimelea hupita kutoka kwa kupe mama hadi kwa watoto kwa njia ya mayai. Kupe wa sikio hushuka kila baada ya kushiba na kutafuta mnyama mwingine, mara tatu katika maisha yake. Kimelea wake hapiti katika yai: kupe humpata akiwa katika hatua moja ya ukuaji na kumpeleka kwa ng'ombe mwingine katika hatua ifuatayo. Kwa hiyo ratiba ya kuogesha mifugo iliyofaa kwa ugonjwa mmoja haikufaa kwa mwingine. Aliyekosea jina alikosea pia siku za kuogesha.

Je, wafugaji wa leo wanalirudia kosa la Koch? Wao husema ndigana kali wakimaanisha homa ya pwani ya mashariki, na ndigana baridi wakimaanisha ugonjwa mwingine uenezwao na kupe, ambao chanzo chake ni bakteria. Neno lenyewe linafanana na oltikana la Kimaasai, na yaelekea limesafiri pamoja na mifugo. Kwa mtazamo wa nasaba, kuwaweka protozoa na bakteria chini ya neno moja ni kosa kubwa. Lakini muundo wa kirai unatoa utetezi. Nomino ndigana hutaja kundi, yaani homa za ng'ombe zinazokuja na kupe; vivumishi kali na baridi hutenga. Mfugaji ana jina la kundi na alama ya kutofautisha. Koch alikuwa na jina la kundi peke yake.

4.0 Kiumbe Mmoja, Majina Mengi

Tatizo la pili ni kinyume cha la kwanza: kiumbe mmoja hupewa majina mengi kwa kuwa ana makazi mengi. Mfano ulio wazi ni tegu apatikanaye kwa kula nyama ya nguruwe. Mnyoo mzima huishi katika utumbo wa binadamu tu. Mayai yake hutoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi hicho hupata vifuko vidogo vyeupe katika misuli, na mtu alaye nyama hiyo bila kuiva vizuri hupata tegu. Lakini mtu akimeza mayai yenyewe, kwa mikono michafu au mboga zisizosafishwa, vifuko huota mwilini mwake kama katika nguruwe. Vikiota katika ubongo huweza kumletea kifafa.

Wanasayansi wa Ulaya walikuwa wakiviita vifuko hivyo kwa jina la pekee, kana kwamba ni mnyama mwingine. Ilikuwa mwaka 1855 ambapo Friedrich Küchenmeister, kwa jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa, alimlisha vifuko mfungwa aliyehukumiwa kifo, na baada ya hukumu kutekelezwa akakuta tegu wachanga utumboni mwake. Majina mawili yakawa ya kiumbe mmoja.

Katika Kiswahili muungano huo haujakamilika. Katika mazungumzo ya kawaida tegu ni mnyoo mrefu wa tumboni. Vifuko vya nyamani hutajwa kwa maelezo yoyote yale. Kifafa nacho kina jina lake, na wengi bado wanakihusisha na mashetani. Sehemu tatu, majina matatu, na hakuna neno linaloziunganisha. Hili si suala la darasani tu. Nguruwe wanafugwa na kuliwa Dar es Salaam, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulichunguza minyoo walioko nje ya utumbo wa nguruwe waliochinjwa jijini pamoja na hali ya usafi wa machinjio yenyewe. Mwenye nyumba anayehimizwa kupika nyama hadi iive ataitikia. Lakini jirani yake asiyekula nguruwe kabisa hawezi kuona kwamba naye anahusika, kwa sababu jina alilosikia ni tegu wa nguruwe.

Hapa kihusishi cha umilikishi -a kinahitaji kuchunguzwa. Katika chawa wa kichwa kinaonyesha mahali. Katika viroboto wa mbwa kinaonyesha mwenyeji. Katika mnyoo wa matende kinaonyesha matokeo. Katika tegu wa nguruwe kinaonyesha njia ya kupitia, ila msikilizaji huelewa umiliki: kwamba mnyoo ni mali ya nguruwe, naye binadamu ameambukizwa na mnyama mchafu. Ukweli ni kwamba tegu mzima ni wa binadamu, na nguruwe ndiye aliyechafuliwa. Kiambishi kimoja kimegeuza shutuma.

Matende na mabusha yanatoa sura nyingine ya jambo hilo hilo. Hapa kuna majina mawili ya maradhi, lakini mnyoo anayeyasababisha hana jina la Kiswahili. Mnyoo huyo huenezwa mijini na mbu anayezaliana katika mashimo ya vyoo na maji machafu, hali inayojulikana sana katika maeneo yenye msongamano ya Kinondoni na Temeke. Kwa kuwa hana jina, nafasi yake imejazwa na sababu nyingine. Pwani nzima watu wamesikia kwamba busha huletwa na madafu. Tangu Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huu mwaka 2000, watu wazima kwa watoto wamegawiwa vidonge vya ivermectin na albendazole. Swali la wengi limekuwa: asiye na busha anywe dawa ya busha kwa nini? Swali hilo ni la haki kabisa kwa mtu aliyepewa jina la uvimbe na kunyimwa jina la mnyoo. Wengi wenye miguu iliyovimba hawana tena watoto wa mnyoo katika damu, ilhali jirani aonekanaye mzima ndiye anayewalisha mbu. Jina la ugonjwa humwelekeza mtu kwa mgonjwa. Jina la kimelea lingemwelekeza kwa mwenyeji.

5.0 Upatanisho wa Kisarufi na Uhai

Neno kimelea limeundwa kwa utaratibu wa Kiswahili chenyewe. Kitenzi mea, katika kauli ya kutendea, hutoa melea, yaani kumea juu ya kitu au kwa kukitegemea. Kwa asili linafaa mmea uotao juu ya mti mwingine, na limepanuliwa hadi kwa wanyama. Neno mwenyeji nalo ni teuzi zuri, kwa sababu linabeba maadili ya ukaribishaji. Methali husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kimelea ni mgeni ambaye siku ya tatu haifiki.

Hata hivyo, katika upatanisho kuna mkanganyiko. Watu husema viroboto wa mbwa, lakini vimelea vya mbwa. Husema kupe anang'ata, lakini kimelea kinaishi. Katika minyoo wengine husema minyoo mingi, wengine minyoo wengi. Wapo wanaoona kwamba umbo la ki-/vi- linalazimisha upatanisho wa ki-/vi-. Hoja hiyo haina msingi. Kiongozi, kinyozi, kipofu na kiroboto wote wana umbo hilo, na hakuna asemaye viongozi vyetu isipokuwa kwa dharau. Ngeli ya uhai huvunja umbo. Kimelea ni jina la nafasi, kama kiongozi. Anayeishika nafasi hiyo akiwa mnyama, astahili upatanisho wa mnyama.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kinachotajwa kwa ki- huonekana kuwa kitu: uchafu, sumu, kidonda. Anayetajwa kwa a- huonekana kuwa ana uzazi, chakula, makazi na safari. Mwanafunzi anayesoma kwamba kimelea anatafuta mwenyeji wa pili ameshaelewa nusu ya somo. Mbali na hayo, upatanisho unaweza kutenganisha kimelea kilichoota juu ya mwembe na kimelea aliyemo katika damu ya ng'ombe bila kuongeza neno hata moja.

Methali ya kikulacho ki nguoni mwako huonekana kuwa ushahidi wa kupinga, kwani hapo anayekula ametajwa kwa ki-. Kwa kweli inaunga mkono hoja. Methali humzungumzia aulaye ambaye bado hajajulikana. Mtu akishapekua nguo na kumwona, hasemi tena kikulacho. Husema chawa, na chawa ni a-. Ki- ni alama ya kutojua.

6.0 Mapendekezo na Pingamizi

Kutokana na mjadala huu mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kila kidahizo cha kimelea katika kamusi za taaluma kitaje mwenyeji wa mwisho, mwenyeji wa kati na hatua za ukuaji, wala kisiishie kwenye kisawe. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya 1990 ilifungua njia. Hatua ifuatayo ni kuyatoa majina katika upweke wao. Pili, majina ya hatua yajengwe juu ya jina moja: tegu, yai la tegu, kifuko cha tegu. Badala ya tegu wa nguruwe na tegu wa ng'ombe, ifikiriwe tegu mpitia-nguruwe na tegu mpitia-ng'ombe, ili mnyama aonekane kuwa njia na binadamu abaki kuwa mwenyeji. Tatu, istilahi zijaribiwe kwa wafugaji na wachinjaji kabla ya kusanifishwa. BAKITA na taasisi za Kiswahili zina wataalamu wa lugha. Wenye kumjua kupe wako Chamazi na Goba.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba majina ya Kilatini yanatosha. Kwa mawasiliano ya wataalamu yanatosha, ingawa nayo hubadilika. Vimelea wa ndigana kali watokao kwa nyati na watokao kwa ng'ombe walikuwa wakipewa majina tofauti, kisha wakarudishwa chini ya jina moja. Wala mfugaji hazungumzi Kilatini na ng'ombe wake. Ya pili ni kwamba majina ya wasemaji yatapotosha nasaba. Ni kweli kwamba neno minyoo linawakusanya wasiokuwa ndugu: tangu mwaka 1997 ushahidi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba chango yuko karibu zaidi na wadudu, naye tegu yuko karibu zaidi na konokono. Jambo hili lifundishwe, tena kwa kushangaza kwake litakumbukwa. Lakini kujua ukoo wa tegu hakumzuii mtu kummeza; kujua njia yake humzuia.

7.0 Hitimisho

Uainishaji wa nasaba hueleza kiumbe ametoka wapi. Uainishaji wa wasemaji hueleza anakaa wapi na anakwenda kwa nani. Lugha ya taaluma inahitaji yote mawili, na Kiswahili kimeshatoa la pili bila kuombwa. Kilichobaki ni waunda istilahi kulitambua kuwa ni elimu. Wakati huo utakapofika, mfugaji na mtaalamu watakaokutana pale Veterinari hawatalazimika kuacha lugha zao. Kila mmoja atajua mwenzake ametaja ugonjwa, kimelea au mwenyeji, na ng'ombe atapata dawa inayomfaa.